Taa ya Tatu Inachelewa

"We dereva, simama! Unanivua nguo mbele ya stendi nzima!"

Bodaboda ilifunga breki katikati ya vumbi. Nyuma ya dereva alikaa kijana mrefu, amekumbatia taa za jukwaa kama mtu aliyebeba watoto mapacha. Mguu wa chuma wa kusimamishia taa ulikuwa umechomoza kwapani mwake, ukanasa dera la manjano la binti aliyekuwa akivuka barabara. Pindo lilichanika hadi gotini. Wapakiaji waliokuwa juu ya lori la pamba walipiga mluzi.

"Mwangaluka, mayu," kijana alisema huku akishuka. "Nisamehe."

"Usiniite mayu, sijakuzaa. Na salamu haishoni dera."

"Nitalishona mimi."

"Kwa hizo taa?"

"Kwa uzi na sindano. Naitwa Mashimba, nawasha taa kwenye sherehe."

Binti alimtazama: shati la buluu lililopauka, viatu vilivyopigwa rangi vizuri, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. "Mimi Milembe. Mwalimu wa Kiingereza. Nazima wanafunzi wanaopiga kelele."

Mashimba alichukua namba yake kwa ajili ya dera. Jioni akapiga.

"Dera linaendeleaje?"

"Linakusalimia. Linauliza kwa nini hukuulizia hali ya mwenye dera."

Huo ndio ukawa mwanzo. Dera halikushonwa. Kila alipokuja na uzi, walikaa wakaongea, uzi ukasahauliwa mezani.

Siku moja Milembe alimfuata kwenye ukumbi mmoja wa Somanda kulikokuwa na harusi. Alivaa gauni la zambarau na hereni ndefu, akakaa nyuma ya Mashimba, karibu na kompyuta kuukuu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Bibi harusi alipoingia, taa zilibadilika taratibu, kutoka samawati hadi rangi ya asali, na wanawake wakapiga vigelegele bila kujua kilichowasukuma.

"Hiyo programu umeinunua wapi?"

"Sijanunua. Nimeiandika. Inaitwa Kurunzi."

"Umesomea wapi?"

"Kwenye simu, kwa bando la kuazima."

Alimweleza. Programu za kuongoza taa zinauzwa kwa bei ambayo shule ya huku haiwezi hata kuiota. Kwa hiyo aliandika yake, akaitoa bure, na maandishi yake ya ndani yakawa wazi: anayetaka achukue, atumie, abadilishe, ampe mwenzake. Kwaya zilichukua. Vikundi vya maigizo vikachukua, Kigoma, Lubumbashi, hadi Brazili. Walioweza walichangia kidogo, na michango hiyo ililipia intaneti, mahali pa kuihifadhi Kurunzi mtandaoni, na taa chache za kujaribia. Wakubwa wa sherehe za mjini waliitumia pia. Walijaza meza za mbele, wakanywa soda za baridi, wakashukuru wafadhili kwa majina, na aliyewapa mwanga hawakumjua hata kwa sura. Mkoa huu unajua hayo. Tumelima pamba miaka yote hiyo na mashati tunavaa mitumba.

"Nani anawajibu hao watu wote?" Milembe aliuliza.

"Mimi. Kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika."

"Kuanzia leo nawajibu mimi. Wewe andika programu, mpenzi. Maneno niachie."

Ndivyo ukurasa wa michango ulivyoingia mikononi mwake. Mashimba hakuufungua hata mara moja. Aliona haya, na haya hiyo ilikuwa na historia.

Zamani, kwao Zagayu, mnunuzi mmoja alileta mzani uliochezewa. Mayunga, baba yake Mashimba, alikalia gunia lake akakataa lisipimwe. Akafungwa. Pamba yake ikanyeshewa. Majirani walimletea mkewe mahindi kwa bakuli mpaka mumewe alipotoka, na walikuwa na sababu: baada ya kelele zake mzani ulibadilishwa, kila mkulima akapata kilo zake halali. Miaka ikapita. Watu wakausahau mzani, wakalikumbuka bakuli. Familia ile ikaitwa ya ombaomba. Mimi ninayesimulia sijausahau mzani.

Mzee Salu, baba mkubwa wa Milembe, ndiye angeongoza mazungumzo ya mahari. Naye alipima pamba yake kwenye mzani ule mpya, akanunua ng'ombe.

"Huyo mtoto wa Mayunga," alimwambia Milembe, "nasikia naye anaomba. Ila yeye ameendelea, anawaomba Wazungu kwenye mtandao."

"Haombi, baba mkubwa. Watu wanachangia kazi wanayoitumia."

"Picha yake ipo?"

"Ipo."

"Na kitufe cha kutuma hela kipo?"

"Kipo, lakini..."

"Basi ni bakuli. Wajomba zako wakija watataka kuliona. Nitawaonyesha."

Milembe alirudi chumbani kwake. Aliufunga ukurasa. Wajomba wakishaondoka, alijiambia, ataufungua.

Wajomba walikuja wakaondoka. Wakati huohuo kampuni moja ya burudani ya Mwanza ikampigia Mashimba, ikataja kazi na mshahara. Milembe alisikia neno mshahara, akaiona akilini sura ya Mzee Salu ikilainika. Ukurasa akauacha umefungwa.

Michango ilikauka. Mashimba alidhani watu wamemchoka.

"Hata kwaya ya Kigoma imenyamaza," alisema. Walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya duka la vinywaji, na alikuwa amekonda. "Walikuwa wakituma kila mwezi. Labda Kurunzi imeshapitwa."

Hapo ndipo Milembe angesema ukweli. Alimshika mkono tu. "Pumzika, mpenzi. Chukua kazi."

Mkataba wa kampuni ulikuwa na masharti. Kurunzi iliyokwisha kutolewa bure hakuna ambaye angeweza kuirudisha. Lakini kwa miaka miwili Mashimba asingeandika mstari mwingine ndani yake, wala kumfundisha wala kumjibu anayeitumia. Akasaini.

Alikuwa akifunga begi simu ilipoita. Alikuwa Deogratias, fundi taa wa ile kwaya ya Kigoma.

"Kaka, umetutupa?"

"Ninyi ndio mmenitupa, Deo."

"Sisi? Ukurasa wa kuchangia haupo! Tumeandika barua pepe, tukajibiwa tusubiri. Tunasubiri mpaka leo, hela tunayo hapa."

Mashimba alikaa juu ya begi. Kisha akampigia Milembe.

"Ukurasa nani kaufunga?"

Upande wa pili madaftari yalisukumwa pembeni.

"Milembe."

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Wajomba walikuwa wanakuja. Baba mkubwa angewaonyesha, wangekuita ombaomba kama walivyomwita baba yako. Sikutaka..."

"Uliona haya kwa ajili yangu au kwa ajili yako?"

Alilia kabla hajajibu. "Mwanzoni kwa ajili yako. Mshahara ulipotajwa, nikanyamaza kwa ajili yangu."

"Nimeshasaini."

"Najua."

"Baba yangu alikalia gunia wakamfunga. Mimi umenikalisha juu ya gunia tupu."

Akakata. Kesho yake akapanda basi la Mwanza.

Mzee Salu alipopata habari za mshahara alifurahi. "Sasa ni mtu. Mwambie alete watu wake tuongee."

"Baba mkubwa," Milembe alisema mbele ya ukoo mzima, "mzani uliopimia pamba yako ya kununua ng'ombe, nani alisababisha uletwe?"

Shangazi mmoja aliziba mdomo. Mzee Salu alitazama fimbo yake. "Mahari haijadiliwi na binti," alisema hatimaye, na kikao kikaisha hivyo. Mashimba naye alipopelekewa ujumbe wa kuja, alijibu kwamba ng'ombe wa mshahara ule ni wa kampuni, si wake.

Milembe aliufungua ukurasa. Aliandika wazi kwamba aliufunga yeye, na kwa nini. Wapo waliomtukana. Wengine wakarudi na michango, na Deogratias akakusanya mafundi wachache walioshika kazi ya Kurunzi kwa zamu. Naye Milembe akaanza kujifunza kuandika programu, baada ya kusahihisha madaftari, macho yakimwuma. Mwalimu mzima akawa mwanafunzi wa mwisho darasani.

Shuleni kwake kulikuwa na maigizo ya mahafali. Milembe akafunga taa, akaziongoza kwa Kurunzi. Zote zilitii isipokuwa ya tatu. Ilichelewa, ikawaka mhusika akiwa ameshatoka jukwaani. Deogratias alitafuta kosa akashindwa. Aliyelijua ni mmoja tu.

Milembe alimpigia Mashimba. Simu ikaita sana.

"Sikupigii kama mpenzi," alisema ilipopokelewa. "Nakupigia kama mtumiaji. Taa ya tatu inachelewa."

"Mkataba unanikataza kumjibu mtumiaji."

"Basi nijibu kama mpenzi."

Nyuma ya Mashimba muziki wa ukumbi wa watu ulikuwa ukijaribiwa.

"Umekula?" akauliza.

Milembe alifunga macho. Tangu basi lile liondoke hakuwa ameulizwa hivyo.

"Bado. Nasoma kwanza. Wewe usiseme kitu, usikate tu."

Alisoma maandishi ya Kurunzi mstari kwa mstari, kwa sauti ya darasani. Alisoma akafika sehemu ya kupanga foleni ya taa, akasoma mstari mmoja, na upande wa pili pumzi ikakatika.

"Hapa?"

"Milembe, nimekuuliza, umekula?"

Akausoma tena polepole. Akaona. Akarekebisha, akabonyeza. Jukwaani taa ya tatu iliwaka pamoja na wenzake, na wanafunzi wakashangilia kwa sauti iliyofika Mwanza kwenye simu.

"Sasa nitakula," alisema huku akijifuta mashavu. "Mashimba, lile dera la manjano bado limechanika. Huo mkataba wako umesema chochote kuhusu uzi?"

"Haujasema."

"Jumapili?"

"Jumapili. Sijakusamehe yote."

"Njoo na hayo uliyobakiza."

Kule ukumbini Mwanza, bosi alimwita kwa jina la kampuni, si lake. Mashimba alitia simu mfukoni, akarudi ndani kuwasha taa zisizo zake.