Mama Hakuanguka

Gati alikuwa na kazi moja ambayo watoto wenzake wa darasa la sita huku Kiriba hawakuwa nayo. Kuteka maji ziwani, kuanika dagaa, kumbeba mdogo wake Mugeta mpaka kwa jirani kabla ya kwenda shule, hizo ni kazi za kila mtoto. Ya kwake peke yake ilikuwa kumsemea mama yake.

Mama yake, Rhobi, alizaliwa Tarime, akaolewa huku kando ya ziwa. Shule hakupelekwa. Alizungumza Kikurya tu, na majirani walizungumza Kijita na Kiswahili. Angeweza kujifunza, lakini mumewe hakupenda atoketoke. Basi dukani, kanisani, hata kwenye kikao cha wazazi, Gati ndiye aliyesimama katikati. Rafiki yake Stellah alimtania, "Wewe ukiugua, mama yako anakuwaga bubu." Wakacheka wote wawili. Baadaye neno hilo halikumchekesha tena.

Baba yake, Apolinary, alikuwa mvuvi hodari, na kwenye misiba hakukosekana. Nje alisifiwa. Ndani alipiga. Mwezi wa pili alimpiga mama mbavuni, mwezi wa nne jichoni. Kila mara, kabla mama hajaenda zahanati, alimwita Gati pembeni.

"Mwambie nesi ameanguka. Ukisema vingine watanifunga, halafu wewe na Mugeta mtakula mawe."

Gati akafanya hivyo. Mama alipokaa mbele ya Nesi Agness alieleza wazi, kwa Kikurya, kwamba mumewe amempiga. Gati akamgeukia nesi akasema, "Anasema ameanguka." Nesi akaandika, akatoa dawa za maumivu. Ile mara ya pili hata alitania mbele ya foleni, akauliza miguu ya mama huyu ina nini, kila siku kuanguka. Watu wakacheka, na nesi mwenyewe akacheka. Mama akataka kujua nesi amesema nini.

"Anasema pole," Gati akajibu.

Wakashika njia ya nyumbani. Walipofika kwenye mihogo yao mama akasema, "Namwambia, naye anacheka. Basi huku ndivyo kulivyo. Sina mwingine wa kumwambia." Maneno yale yalimkwama kama mwiba wa sato kooni.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, baba alitoka ziwani akakuta ugali bado. Kafi ya mtumbwi ilikuwa mkononi mwake. Mama alijikinga kichwa kwa mkono, na mkono ukavunjika. Gati alikuwa jikoni. Alisikia.

Safari hii baba alifuatana nao zahanati. Njiani alimfundisha Gati, kwa Kiswahili ambacho mama hakukielewa, maneno mapya kidogo, kwamba mama ameteleza kwenye mawe akiteka maji.

Hakujua kwamba Nesi Agness alikuwa ametoka Bunda wiki iliyopita. Siku tano yeye na wahudumu wenzake wa afya walifundishwa namna ya kumtambua mtu anayeumizwa nyumbani kwake, na namna ya kumuuliza bila kumtia hatarini. Aliporudi alianza na chumba chake. Palipokuwa na pazia akaomba pawekwe mlango. Na kila mama, awe na mafua au malaria, akaingia bila mumewe.

"Huyu hajui Kiswahili," baba akasema, akiinuka kwenye benchi. "Mtoto ndiye anamsemea. Na mimi niingie."

"Kaa tu, baba. Ni utaratibu wa wote, hata mke wa mwenyekiti ameingia peke yake leo. Mtoto anisaidie kumlaza, kisha atatoka."

Ndani, nesi alifunga mlango. Aliutazama mkono, akautazama uso wa mama, halafu akafungua daftari la matibabu la mama. Mwezi wa pili, ameanguka. Mwezi wa nne, ameanguka. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Gati alisubiri swali, jibu akiwa nalo tayari mdomoni.

Swali halikuja. Nesi alitoa simu. Alisema kule Bunda alikaa na muuguzi mwenzake, Esta, Mkurya, ambaye leo atazungumza na mama moja kwa moja.

"Mtoto hatumikishwi kwenye mambo kama haya," akasema. "Nilikosea kukutumia wewe."

Simu ikaanza kuita. Muda si mrefu mama angesema ukweli, na kwa mara ya kwanza angepata mtu wa kumwelewa. Hapo wote wangejua ni nani aliyekuwa akiyageuza maneno yake. Nje baba alikohoa. Gati angeweza kufungua mlango na kumwita. Aliutazama mkono wa mama, uliovimba mpaka vidoleni.

"Sista," akasema. "Mama hakuanguka. Hajawahi kusema ameanguka. Ni mimi nilisema."

Nesi hakushtuka wala hakumgombeza. Alimuuliza polepole ni nani aliyemfundisha. Gati akautazama mlango. Nesi akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akampeleka chumba cha sindano kilicho jirani.

Kutoka huko alisikia sauti ya mama, ya chini, ndefu, kama mtu anayetua mizigo mmoja mmoja. Kisha mama akalia. Esta alikuwa amemweleza kwa nini nesi hakuwahi kumsaidia. Mlango ulipofunguliwa mama alimtazama binti yake, kisha akageuza uso. Gati aliona afadhali angepigwa.

Nesi alimuuliza mama, kupitia kwa Esta, anataka nini. Mama alitaka kuondoka na watoto wake wote wawili. Basi nesi alitoka nje akamwambia baba kwamba mfupa umevunjika, unahitaji kupigwa picha Musoma, na gari la wagonjwa litambeba mama na Gati, na litampitia Mugeta kwa jirani. Yote yalikuwa kweli. Mengine hakumwambia.

Musoma mama alifungwa plasta. Afisa ustawi wa jamii alikuja, na askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto akaandika maelezo yake, mkalimani akiwa mtu mzima. Baada ya siku tatu baba alikamatwa, na kesi ikaanza. Mama na watoto walihamia Bunda kwa dada yake. Gati alimkumbuka Stellah. Alimlilia na baba pia, kwa sababu ndiye aliyemfundisha kuogelea.

Siku nyingi mama hakusema naye ila neno la lazima. Halafu jioni moja, wakichambua mchicha, akasema, "Nilidhani watu wote wamenisikia wakanyamaza. Kumbe hakuna aliyenisikia." Akamvuta kwa mkono mzima, akakiweka kichwa chake begani. Gati akalia mpaka mchicha ukalowa.

Mwezi wa tisa Nesi Agness alikuja Bunda kwenye mafunzo mengine, akapita kuwaona. Alisalimia, akauliza mkono unaendeleaje. Gati akafungua mdomo kwa mazoea. Mama akamgusa bega kumnyamazisha.

"Mkono nzuri kidogo," mama akasema mwenyewe, kwa Kiswahili. "Mimi sikuanguka. Andika."

Nesi alichukua daftari la matibabu la mama, akaandika. Kisha akamgeukia Gati.

"Uongo ule ulipewa na mtu mzima, na mimi, mtu mzima mwingine, nikaupokea bila kuuliza. Kosa letu ni kubwa kuliko lako. Lakini umeona mwenyewe, uongo wa kuficha kipigo haumlindi mtu, unampa mpigaji nafasi ya kurudia. Ukiona mtu anaumizwa nyumbani, mwambie mtu mzima unayemwamini. Akicheka, kama nilivyocheka mimi, mwambie mwingine, na mwingine, mpaka umpate wa kusikia."

Mama hakuyaelewa yote. Aliuliza kwa Kikurya nesi amesema nini. Gati akamweleza, neno kwa neno, hata lile la kucheka.