King'ora Kilicholia Kabla ya Magharibi

Kila alasiri ya Ramadhani, Euis alibeba kompyuta yake hadi msikiti mdogo wa mtaani kwao, Bogor. Programu aliyoiandika mwenyewe ndiyo iliyopiga king'ora cha kufuturu. Iliuliza mtandaoni saa ya magharibi. Ikikosa, ilisoma faili la kalenda. Ikikosa tena, ilitumia saa alizonakili kwa binamu yake wa Surabaya. Euis alikuwa ameiamuru programu inyamaze kila njia moja iliposhindwa, na kujaribu nyingine. Aliona maneno ya hitilafu yanachafua skrini tu.

Siku ya ishirini king'ora kililia, watu wakabugia tende na chai. Bibi yake, aliyetoka kuugua na hakutaka kupitwa hata na siku moja ya kufunga, akameza vijiko vitatu vya ndizi za nazi.

"Nyie!" Mwadhini, Mzee Usup, alipiga kelele. "Jua hilo hapo juu ya paa! Nani kawaambia mle?"

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano. Bibi aliweka bakuli chini, machozi yakimlengalenga.

"Mtoto huyu na mashine yake!" jirani alifoka. "Katulisha mchana kweupe!"

Euis alitamani ardhi ipasuke. Shangazi yake Imas, ambaye kazi yake ni kuandika programu, aliikagua kompyuta akasonya.

"Mtandao umekatika. Haya, faili liko wapi?"

"Kwenye flashi, Shangazi."

"Na flashi?"

"Nimeisahau nyumbani."

"Lo! Ndiyo maana ikachukua saa za Surabaya, ambako jua hutangulia kuzama, na wewe huna habari! Umeiziba mdomo, halafu unataka ikwambie ukweli?"

"Nilidhani njia tatu zinatosha."

"Hata kumi hazitoshi, zikishindwa kimyakimya."

Asubuhi iliyofuata waliiandika programu upya. Saa za Surabaya zilifutwa, na kila njia ikatakiwa kutaja kilichoikwamisha.

Jioni mtandao ukakatika tena, na flashi nayo ikagoma. Skrini ikaandika: "Mtandao: hakuna. Faili: halisomeki. Saa ya magharibi siijui." King'ora hakikulia. Mzee Usup akatazama kalenda ya ukutani, akangoja, akakipiga kwa mkono wake.

"Umeona?" Shangazi alisema. "Ukishindwa, sema umeshindwa, na useme wapi. Hapo mwenzako atajua pa kukusaidia. Ukificha, unawaponza wote wanaokutegemea."

Bibi akachota ndizi, safari hii bila wasiwasi. "Na siku yangu ile nitailipa baada ya Idi. Tutafunga wote, Euis, na daku utapika wewe."