Siku Mwalimu Isdori Alipokuwa Kunguru

Kila asubuhi pale shuleni Msanzi, Mwalimu Isdori aliingia darasa la tatu na chaki, fimbo na koo lake. Koo ndilo lililochoka kwanza.

"Mbili mara tatu?"

"Sitaaa," watoto walijibu kwa sauti ya msibani. Nyuma kabisa, mmoja alikoroma. Nafasi ya Angela ilikuwa tupu, siku ya nne sasa.

Jumatano jioni Isdori akaenda kwa Shija, mfugaji, baba yake Angela.

"Mwalimu, mtoto anasema darasani kwako hata nzi wanasinzia," Shija alisema. "Kwa ng'ombe anacheka. Asipotaka mwenyewe kurudi kufikia Jumatatu, basi, atachunga moja kwa moja."

Isdori alirudi amefura. Jirani yake, Mama Dominika, mwalimu wa chekechea, alikuwa anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama. Hawa watoto wamenichosha!"

"Marahaba. Na wewe umewachosha. Wachezeshe! Mtoto anayeogopa kukosea hajaribu. Atajuaje sasa? Akicheza, hofu inamtoka."

Kesho yake Isdori aliandika ubaoni: MCHEZO. Chini yake akaandika kanuni kumi na mbili. Watoto wakanakili mpaka kengele ikalia. Kanuni ya mwisho ilisema: Ni marufuku kucheka ovyo.

Dominika alipoliona daftari la mjukuu wake Abel, alishika kiuno.

"Isdori! Umewaandikisha mchezo? Si ungewapa na mtihani wake kabisa!"

"Nimeupanga kesho, mama."

"Yesu na Maria! Kesho toka nje na kamba ya kupandia mahindi. Sikiliza nikwambie."

Ijumaa walitandaza kamba uwanjani, wakachimba vishimo kumi. Kila shimo, mbegu mbili. Mpandaji anaruka shimo hadi shimo, akitaja jumla ya mbegu: mbili, nne, sita. Akikosea, kunguru anakuja kufukua, naye anaanza upya.

Nani awe kunguru? Vidole vyote vikamwelekea mwalimu.

Isdori akainama na tai yake shingoni. "Kwaa," akasema kwa aibu.

"Kunguru gani huyo ana mafua!" akapaza sauti Abel.

Darasa zima likaangua kicheko. Isdori alifungua mdomo awanyamazishe. Akamwona yule mkoromaji yuko kwenye foleni, macho makavu. Akameza karipio lake.

"KWAAA!"

Abel akaruka. "Kumi, kumi na mbili, kumi na tatu..."

"Kumi na nne!" sauti ikatoka barabarani. Alikuwa Angela, kasimama na ng'ombe wake. "Saba mara mbili, wewe! Mwalimu, mfukulie! Halafu na mimi niruke!"

Aliruka mpaka ishirini bila kukosea, ng'ombe wakimsubiri.

Jumamosi alfajiri, mlango wa Isdori uligongwa kwa hasira. Alikuwa Shija, kamshika mkono binti yake aliyevaa sare.

"Mwambie wewe, mwalimu, mimi hanisikii kabisa! Mwambie leo hakuna shule!"