Barua Iliyobaki Kwenye Kitabu

Kila jioni, akishaosha vyombo, Selestina aliketi barazani kwao Butimba, Mwanza, na daftari lake la safari. Ukurasa wa kwanza aliuandika kwa kalamu nyekundu: SIKU TATU LUSHOTO. Mwaka huo Sabasaba iliangukia Jumatatu, na Baba mdogo Obedi, anayefanya kazi ofisi ya misitu huko milimani, alikuwa amewaalika. Jumamosi wangeona maporomoko ya maji. Jumapili kanisani, kisha matunda. Jumatatu wangepanda kilima. Baba yake, fundi seremala Okech, hakuwahi kuvuka Tabora, na mama yake alifika Usagara, nje kidogo ya mji, kwenye misiba tu. Basi mtoto wa darasa la sita akawa ndiye mpangaji mkuu, na cheo kikampanda kichwani kidogo.

Kazi moja tu baba aliisisitiza tangu Mei.

"Mwandikie baba yako mdogo. Mweleze kuhusu Antoni, umuulize na hali ya hewa ya huko."

Antoni, mdogo wake wa miaka minane, alikuwa na ugonjwa wa sikoseli. Akipatwa na baridi, mifupa ilimuuma mpaka akalia hadi sauti ikamkauka. Hata ziwani aliishia kuwatazama wenzake wakiogelea.

Selestina aliandika barua nzuri. Akaiweka ndani ya kitabu cha Jiografia isikunjike, akisubiri stempu. Mitihani ikaja, likizo ikaja, kitabu kikaingia uvunguni. Siku baba alipouliza, "Obedi amejibu?" ndipo alipoikumbuka barua.

"Amejibu, baba. Anasema ni kiangazi, jua tu kama huku."

Wala hakuuona kuwa uongo mkubwa. Kwani Julai si kiangazi? Mwanza mwezi huo nyasi za Buswelu hukauka, na dagaa wakianikwa asubuhi, jioni wako tayari. Jua la Lushoto lingekuwa jingine?

"Basi mabegi yatakuwa mepesi," baba akasema kwa furaha.

Siku mbili kabla ya safari, Selestina na mama yake walikwenda sokoni kumtafutia Antoni kaptula. Mitumba ilikuwa imejaa mjini miaka hiyo, na Shimba, muuzaji wao, alikuwa na rundo la masweta ambalo watu walimtania kwamba atawauzia sangara wa ziwani. Siku hiyo mwanachuo mmoja wa ualimu alikuwa ameinama juu yake, akichagua moja moja.

"Dada, masweta yote hayo na joto hili?" Selestina akamuuliza akicheka.

"Nakwenda kwetu Lushoto, mdogo wangu. Julai kule ni kipupwe. Asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, na maji ya kunawa yanauma vidole."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Mama hakuwa amesikia. Alikuwa amenyanyua kaptula ya bluu, akiipima kwa macho. Selestina angeweza kusema tu, "Mama, tununue na sweta," na uongo wake ungebaki salama. Lakini Baba mdogo hakujua lolote kuhusu ugonjwa wa Antoni. Aliona haya, lakini hofu juu ya Antoni ilizidi haya.

"Mama, Baba mdogo hakujibu," akasema. "Barua sikuipeleka."

Mama akakaa juu ya robota la nguo. Kisha akamshika mkono, wakarudi nyumbani.

Baba alikuwa akipiga randa. Alisikiliza yote, akaiweka randa chini, akaketi juu ya ubao. Selestina alitamani achapwe kuliko kumwona vile. Antoni, aliyekuwa akichezea maranda, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi siendi?"

Asubuhi baba alimpeleka Selestina posta, akapiga simu ofisini kwa Obedi, kisha akampa mkonga. "Sema mwenyewe."

Alisema huku akilia. Baba mdogo akajibu kutoka upande wa pili:

"Nilikuwa nimewapangia chumba cha juu chenye madirisha mapana, ili mwone bonde. Mtoto huyo angepata shida. Nitawahamishia kile cha karibu na jiko, na nitaongea na daktari wa hapa."

Kliniki nayo iliwaruhusu, ikawapa dawa na onyo: avae nguo nzito, anywe maji mengi. Jioni ile Shimba aliwauzia masweta manane, akashangaa.

Jumapili asubuhi, Lushoto, ukungu ulisimama mlangoni. Antoni alikaa karibu na moto amevaa masweta mawili na kofia ya sufu, akinywa chai, akiuliza kila mara kama jua limetoka. Selestina alimkabidhi Baba mdogo ile barua mkononi. Akaisoma mpaka mwisho.

"Umeuliza vizuri," akasema. "Ila ungeniuliza Mei."

Baba alimvuta Selestina karibu. "Mwanangu, kutoijua Lushoto si kosa. Hata mimi sikuijua. Kosa ni kunipa jibu ulilolibuni mwenyewe. Mimi niliamini ni la ndugu yangu, nikalibeba, na kidogo nimlete mwanangu kwenye baridi hii na kaptula. Siku nyingine ukikosa jibu, niambie huna. Tutalitafuta wote."

"Ndiyo, baba."

Saa nne jua likafika uani, na Antoni akatoka nje.