Betri Nne za Gaudiosi

Walikutana kwenye mnada wa Jumamosi huko Highview, mtaa wa Louisville, watu wawili wameshika gemu moja ya mkononi, ile nzito ya zamani. Kostansia alivaa kitenge cha njano na viatu vya ghalani.

"Dada, niachie. Naiota tangu kambi ya Nyarugusu."

"Na mimi nilikuwa naota nini kambini, maharage?"

Gaudiosi akainunua, wakaicheza pamoja miezi minne. Kisha akapata kazi kiwandani Tonawanda, kule Buffalo. Siku ya kuondoka alimwachia gemu. "Ukiiwasha, soma jina la mchezaji," alisema, macho chini.

Kostansia alitia betri, akawasha. Kioo kilififia, jina likawa kivuli tu. Akampigia.

"Zungusha kile kigurudumu cha pembeni."

"Nimezungusha mpaka kidole kinauma."

"Safisha vyuma vya betri kwa spiriti."

"Nimesafisha. Gaudi, niambie tu uliandika nini."

"Kwetu mwanamume hajisemei," alijibu, akakata.

Simu zikapungua. Gaudiosi alidhani amekataliwa kwa adabu. Kostansia alidhani amechokwa. Angefanya nini? Kumfuata asingeweza, mama yake anaumwa Louisville. Hata kioo kilimshinda.

Mwezi wa tatu tangu aondoke, wakakubaliana kuonana katikati, kituo cha basi Columbus, saa moja tu. Gaudiosi alifungua mgongo wa gemu.

"Kosta, betri mbili mpya, mbili kuukuu?"

"Mpya inaibeba kuukuu. Redio ya mama kambini iliishi hivyo."

"Kuukuu inainyonya mpya, mpenzi." Akacheka hadi machozi, akatoa nne mpya mfukoni.

Kioo kikang'aa. Jina la mchezaji: NIKUOE.

Kostansia aliitazama hadi basi la Buffalo likaitwa. Alifuta herufi, akabonyeza zake moja moja, akamrudishia gemu imezimwa. Basi likaondoka naye. Akabaki amesimama, mikono haina pa kushika. Simu ikalia.

"Umeandika TUMA."

"Ndiyo."

"Nimtume baba mdogo kwa mama yako, Jumapili hii?"

"Gaudi, mama siwezi kumwacha, unajua."

"Najua. Na mimi kazi ndiyo hii. Sijui tutafanyaje."

Basi lilikwishapotea kwenye kona. Kostansia alifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Jumapili hii," alisema. "Na usichanganye betri."