Picha za Ubao wa Cassien

Mwanaume aliyebeba jeneza la mume wa Vénantie alikuwa amesimama jukwaani huko Kigali, anapigiwa makofi... na nyuma yake, ukutani, kulikuwa na picha aliyoipiga Vénantie mwenyewe.

Si picha inayofanana na yake.

Yake kabisa. Aliitambua kwa makombo ya mkate yaliyobaki kwenye ukingo wa meza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Vénantie alikuwa ndani ya boulangerie, duka la mikate la Mzee Sultani, hapa Kamembe, Rusizi, ameinamia ubao wa kukatia mkate. Juu ya ubao kulikuwa na mikate mitatu iliyotoka tanurini sasa hivi. Hiyo ndiyo kazi yake. Anapiga picha za mikate, keki na mandazi, na wenye maduka wanaziweka kwenye status zao.

Video yenyewe, aliyotumiwa kwenye simu, ilikuwa ya sekunde ishirini. Yule mwanaume, Kalisa, suti ya kuazima, cheti mkononi. Chini yake wameandika: Fundi wa Rusizi avumbua kengele ya kulinda dawa.

Vénantie akaiangalia mara tatu.

"Kuna nini, Maman Izabayo?" Mzee Sultani akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Mikate inapoa."

"Hakuna kitu, Mzee."

Akageuza mkate wa katikati. Akapangusa unga. Akaendelea kupiga.

Aliniambia baadaye kwamba hakusikia hasira. Hakusikia kitu chochote. Ilikuwa imepita miezi minne tangu amzike Cassien na bado alikuwa hivyo, mwili mzima kama mguu uliokufa ganzi. Anakula, anafua, anampeleka mtoto shule, anasalimia watu. Basi.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, ninyi mnaosoma. Vénantie ameniruhusu kuisimulia hii, na amesema nisimpambe.

Cassien, mume wake, alikuwa fundi wa redio na televisheni. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kama wengi wetu, akarudi na Kiswahili cha kule, kinachosema "njo" badala ya "ndiyo", akaoa, akafungua kibanda. Lakini raha yake haikuwa kutengeneza vya watu. Raha yake ilikuwa kuunda vyake, kwa kujifurahisha tu. Alikuwa na kile kibao cheupe cha plastiki chenye matundu mengi, unachomeka waya na taa ndogo bila kuchomelea, ukikosea unachomoa unaanza upya.

"Hii nayo inaitwa ubao wa mkate," alimwambia mke wake siku moja, anacheka.

"Unanidanganya."

"Kweli. Bazungu banaita bredibodi. Zamani batu ba redio balikuwa banachukua ubao wa mkate jikoni kwa mama zao, banapigilia misumari, banafunga nyaya juu yake. Jina likabakia."

Vénantie alipenda hilo. Akaanza kukipiga picha kibao kile vilevile anavyopiga mkate: mezani karibu na dirisha, saa kumi ya jioni, mwanga ukiingia kwa ubavu. Waya nyekundu, waya za njano, taa moja inawaka. Zilitoka nzuri ajabu. Anapiga, anakata kingo, anabakiza kibao na kipande cha meza tu.

Kila Jumapili baada ya misa alikuja Kalisa, fundi wa simu mwenye kibanda Gihundwe, ambaye kidole chake cha shahada hakina kucha. Alikaa na Cassien mezani mpaka jioni.

"Anajifunza kwangu," Cassien alisema.

Na ile kengele?

"Naunda kitu kitakacholia friji ya dawa ikianza kupata joto," alimwambia mke wake. "Umeme ukikatika, mwenye dawa anajua mara moja. Piga picha kila hatua, Maman Izabayo. Sina michoro. Picha zako njo michoro yangu."

Akapiga. Wiki hadi wiki.

Halafu Jumanne moja Cassien akaanguka mlangoni na viatu mkononi. Siku tisa hospitali. Daktari akasema ni uvimbe kichwani, wa siku nyingi. Vénantie hakuuliza siku nyingi ni ngapi. Kalisa alibeba jeneza upande wa mbele, kushoto. Baada ya wiki akaja nyumbani, akaomba kile kibao cheupe.

"Nibaki nacho kama ukumbusho," alisema, macho chini.

Vénantie alimpa pamoja na boksi la waya. Hata hakumsindikiza.

Sasa mmeelewa ile video ilikuwa nini kwake.

Alirudi nyumbani, akakaa juu ya kitanda, akachagua picha sita. Zote zilikuwa za kibao cha Cassien, zote na tarehe. Akaandika:

"Hiki ni kitu cha marehemu mume wangu. Nilikipiga picha mwenyewe nyumbani kwangu. Kalisa alikuja kukiomba tukiwa matangani. Leo anapokea cheti chake."

Akaposti. Akaenda kumenya viazi.

Alipomaliza viazi, watu mia tatu walikuwa wameshea. Jioni, elfu mbili.

"Mwizi wa maiti."

"Bamunyang'anye cheti."

"Pole Maman, Mungu anaona."

Kalisa alimwandikia ujumbe mmoja tu: Samahani, Maman Izabayo.

Jamani... mnajua alifanya nini? Aliupiga picha ule ujumbe, akauposti nao. Watu wakasema huyo hapo, amekiri. Kesho yake wateja wakaenda Gihundwe kuchukua simu zao hata kabla hazijapona. Mtu akaandika MWIZI kwa mkaa kwenye mlango wa kibanda. Na waandaaji wa yale mashindano ya wabunifu kule Kigali wakatangaza kwamba wamesimamisha nafasi ya Kalisa. Alikuwa aende kusaidiwa kuziunda zile kengele kwa wingi, zigawiwe kwenye vituo vya afya vya milimani.

Vénantie alisoma tangazo hilo kwenye foleni ya maji. Akaweka simu mfukoni. Hakufurahi. Alisubiri afurahi, haikuja.

Jumamosi saa sita mchana mlango ukagongwa.

Alikuwa Uwera, mke wa Kalisa. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Gihundwe, vumbi hadi magotini.

"Karibu," Vénantie akasema, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema.

"Sikuja kugombana."

"Kaa basi."

"Sikai. Nina neno moja. Zile picha uliweka, ziko sita. Ulipiga ngapi?"

"Nyingi. Zaidi ya mia mbili."

"Na zile sita, uliziweka nzima ama ulizikata?"

Vénantie akatazama simu yake.

"Mume wangu amekatazwa kusema," Uwera akasema. "Aliapa. Mi sikuapa kitu, lakini naye namuheshimu. Angalia picha zako nzima, Maman Izabayo. Njo hilo tu."

Akaondoka. Hakuomba hata maji.

Vénantie akachomoa kwenye simu kadi ya kuhifadhia picha, akaichomeka kwenye kompyuta ya zamani ya Cassien, akazifungua moja moja. Picha nzima, kama zilivyokuwa kabla hajazikata kingo.

Ya kwanza: kibao cheupe katikati. Upande wa kulia, mkono unachomeka waya. Kidole cha shahada hakina kucha.

Mkono wa Kalisa.

Ya pili, mkono uleule. Ya tano. Ya kumi na mbili.

"Anajifunza," alijiambia kwa sauti.

Akatafuta mikono ya Cassien. Katika picha moja iko chini ya meza. Katika nyingine ameikunja kwapani. Nyingine ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, na chai imemwagika kwenye kitambaa. Nyingine mkono wa kushoto umekamata wa kulia, umeubana, kama mtu anayemshika kuku asitoroke.

Picha mia mbili na kumi na nne. Hakuna hata moja ambayo Cassien anachomeka waya.

Na chini ya kibao kulikuwa na karatasi ya daftari, yenye mchoro. Akaivuta picha mpaka maandishi yakasomeka. Hayakuwa ya Cassien. Juu kabisa yalisema: Dawa ya mama, Mibirizi. Ikizidi digrii nane, ilie.

Cassien hakuwa na mama Mibirizi. Mama yake alizikwa Bukavu. Mwenye mama mgonjwa wa sukari kule Mibirizi alikuwa Kalisa.

Vénantie alizima kompyuta. Akafunga mlango kwa ufunguo, akapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Gihundwe.

Kibanda kilikuwa wazi, hakuna mteja. Herufi za mkaa zilikuwa zimefutwa nusu. Kalisa alisimama alipomwona.

"Iko yako," Vénantie akasema. "Ile kengele iko yako toka mwanzo."

Kalisa akaweka bisibisi mezani.

"Mikono yake ilianza kutetemeka lini?"

"Maman Izabayo..."

"Lini, Kalisa?"

Akakaa chini kwenye kiti cha wateja. "Mwaka jana, mwezi wa tisa. Alikuwa anaangusha bintu. Tukaenda naye hospitali ya Huye, bakampiga picha ya kichwa. Daktari akamwambia hakuna operesheni."

"Alisema anaenda Huye kununua vifaa."

"Najua. Njo mimi nilikuwa nanunua vile vifaa, arudi navyo."

Pikipiki ikapita nje. Vénantie akasubiri ipite.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ukijua utaanza kumuangalia kama mugonjwa. Alisema saa ile unashika simu unapiga picha ubao, unacheka, unamuita aje aone, njo saa tu alikuwa anajiona muzima. Akaniomba nimuachie aseme iko yake. Ningemukatalia namna gani? Kila nilichojua alinifundisha yeye. Nilikuwa nakosea waya, anaona toka mbali, ananiambia ile ya njano, peleka tundu moja mbele."

"Na Kigali? Ungesema jina lake."

"Hapo nilikosea," Kalisa akasema. "Kabisa. Nilifikiri nikisema jina bataniuliza mengine, na niliapa. Nikanyamaza. Na picha yako niliitumia bila kukuomba. Ile samahani nilikutumia ilikuwa ya picha."

Ya picha. Na mji mzima ulikuwa umeisoma kama ya wizi.

Siku hiyohiyo aliposti tena. Picha nzima ishirini, pamoja na mkono na karatasi. Akaandika: "Nilisema uongo juu ya Kalisa. Sikujua ni uongo, lakini niliusema bila kuuliza. Kengele ni yake. Mume wangu alimfundisha, na mume wangu alinificha ugonjwa wake. Kosa la kuwaambia ninyi kabla ya kumwuliza yeye ni langu."

Watu arobaini na moja wakashea.

Arobaini na moja, ndugu zangu. Ule uongo ulikuwa umefika elfu sita.

Basi akaanza kutembea. Alikwenda kwa kila mteja aliyechukua simu yake, akimfungulia zile picha. Alisimama kanisani baada ya misa, akaomba neno, akasema. Alimwonyesha Mzee Sultani, na mzee akawaambia wenzake msikitini. Aliwaandikia wale wa Kigali barua mbili. Wakamjibu kwa upole kwamba wamesikitika, lakini nafasi imeshapewa mtu mwingine.

Barua hiyo aliipeleka mwenyewe Gihundwe. Kalisa aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mzani wa kupimia vyuma chakavu, kazi aliyoanza simu zilipokosekana.

"Utanisamehe?" Vénantie akauliza.

Uwera alikuwa ndani, sufuria zinasikika.

"Sijui," Kalisa akasema. "Uniulize mwaka kesho."

"Sawa."

Akageuka aende. Halafu akarudi.

"Kalisa. Mulienda Huye mara ngapi?"

"Tatu."

"Njiani alikuwa anakula?"

Kalisa akamwangalia, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Alikuwa anakula muzuri. Tukishapita msitu, gari inasimama. Anachukua viazi na brochette mbili za nyama. Mara ya mwisho alikula tatu, akasinzia juu ya bega langu mpaka Kamembe."

Vénantie akakaa pale kizingitini. Alikaa tu, mikono mapajani.

"Niambie ya mara ya kwanza," akasema. "Toka asubuhi."

Naye Kalisa, ambaye hakuwa amemsamehe, akavuta kiti, akaanza kumwambia.

Wewe unayesoma, sina mengi ya kukufundisha. Ila ukishika simu kumwaga jina la mtu barabarani, kwanza nenda ukabishe hodi kwake. Kutoka kwa Vénantie hadi Gihundwe kwa moto ni dakika saba.