Nukta Milioni Nane

Perpetua alibandika maharage mekoni, akamwachia binti yake moto, kisha akaenda ofisi ya kikundi. Siku hiyo wakulima wa kahawa wa kijiji chao, kata ya Ruanda, walikusanyika kuitazama runinga mpya. Perpetua ndiye mwenyekiti wao, na ndiye waliyemtuma kuinunua Mbinga mjini. Alichagua kubwa, iliyobandikwa karatasi yenye maandishi 4K. Muuzaji alimhakikishia kuwa picha yake ni safi mno.

Walikuwa na sababu ya kutaka picha safi. Msimu uliopita, ugonjwa wa kutu ulipukutisha majani ya mibuni yao mingi. Bwana shamba wao, Cuthbert, alikuwa amerekodi video ya dalili za mwanzo za ugonjwa huo, akamtumia Perpetua kwa WhatsApp.

Perpetua aliunganisha simu na runinga. Picha ikatokea, lakini ilikuwa na ukungu. Jani la mbuni lilionekana kama bonge la kijani tu. Waliokaa nyuma walinyoosha shingo, wasiambulie kitu. Mzee Joakim, aliyepoteza mibuni mingi kuliko wenzake, aliinuka taratibu.

"Mwenyekiti, wamekuuzia runinga feki," alisema, akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Perpetua alibaki na kioo kile kikubwa na aibu yake. Aliamua kukirudisha dukani kesho yake. Alikuwa akichomoa waya Mwalimu Eunice alipopita. Eunice alitoka mkoa wa Mara, akapangiwa kufundisha fizikia katika sekondari ya pale. Alimwamkia Perpetua shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba aiwashe tena. Akatoa lenzi ya maabara mkobani.

"Mama, tazama hapa kwenye kioo. Unaona nini?"

Perpetua aliinama. "Vijitaa. Vyekundu, vya kijani na vya buluu."

"Vitatu hivyo vikikaa pamoja ni nukta moja. Vikiwaka kwa viwango tofauti, vinatoa rangi zote. Picha nzima hujengwa kwa nukta hizo. Runinga hii inazo zaidi ya milioni nane; ndiyo maana ya 4K. Si feki."

"Mbona picha ina ukungu?"

Eunice alieleza kuwa WhatsApp huipunguzia video nukta ili isafiri haraka. Ile ya Cuthbert ilifika na nukta laki mbili na ushee tu. Runinga ililazimika kuzitandaza kwenye nafasi ya milioni nane, na penye pengo ikakisia.

"Runinga haiwezi kuonyesha kitu ambacho video haina," alisema. "Mtafute bwana shamba akupe video yenyewe, kama alivyoirekodi."

Kisha akampeleka hadi benchi la nyuma. Kutoka kule, alisema, jicho haliwezi kutenganisha nukta ndogo hivyo. Mtu akikaa mbali, 4K haimsaidii. Mabenchi yasogezwe mbele.

Kesho yake Perpetua alipanda bodaboda hadi Mbinga, anakoishi Cuthbert, lakini runinga aliiacha ofisini. Cuthbert alimnakilia video kwenye flashi. Kumbe alikuwa ameirekodi kwa 4K tangu mwanzo.

Haikuwa rahisi kuwarudisha watu. Kwa Joakim alikwenda mara mbili. Hatimaye walikuja, wakakaa karibu, mabega yakigusana. Perpetua alichomeka flashi. Jani likajaa kioo. Mishipa yake ilionekana wazi, na chini yake, unga mwembamba wa rangi ya chungwa, dalili ya kutu. Joakim aliomba picha isimamishwe, akasogea, akaukazia macho ule unga.

Asubuhi iliyofuata alizunguka shambani akigeuza majani. Mwaka uliotangulia aliugundua ugonjwa majani yakiwa yamekwisha kuanguka. Safari hii aliukuta kwenye mibuni mitatu, ndiyo kwanza unaanza. Alipuliza dawa kama Cuthbert alivyoelekeza kwenye video. Wenzake nao wakakagua mashamba yao. Msimu wa kuchuma ulipofika, mibuni ilikuwa bado na majani, na matawi yameinama kwa kahawa.

Joakim alimwendea Perpetua nyumbani, akamwomba radhi mbele ya familia yake. Baadaye mkulima kutoka kata ya Ukata alikuja kuuliza wanunue runinga gani kwa kikundi chao. Perpetua alifungua mdomo, lakini Joakim, aliyekuwa ameketi kando, alimtangulia.

"Kwanza niambie mtatazama video gani," alisema, "na mtakaa umbali gani."